Ufa Ufuatiliwe kwa Karibu

Walikaa mbele yangu kwenye treni ya asubuhi: mhandisi mshauri, mkoba wa ngozi magotini, na mama fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Hawakuwa wakijuana. Lakini mtu mwenye jambo linalomlemea humwambia yeyote aliyekaa jirani.

"Nilikagua ukuta wa shule ya chekechea," alisema mhandisi. "Niliona kabisa hautamaliza mwezi. Nikaandika kwenye ripoti: ufa ufuatiliwe kwa karibu."

"Kwa nini hukuwaambia wahame?" mama aliuliza. "Mteja hatishwi, mama. Ndivyo tulivyofundishwa kazini." "Mimi nikiona nguo itachanika, namwambia mteja itachanika. Akinuna, anune."

Mhandisi alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa safi mno kwa mtu wa kukagua kuta. "Mwalimu mkuu alinisikiliza, mama. Kila asubuhi, kabla watoto hawajaingia, aliusogelea ule ufa, akauwekea alama ya penseli na tarehe. Juzi ukuta ulimwangukia, akafariki. Alama zake nimezikuta kwenye kifusi. Kumi na tisa."

Mama alijishika mdomo. "Pole, baba. Sasa unakwenda wapi?"

"Kwa mume wa huyo mwalimu. Nataka ajue kosa ni langu."

"Utamwambiaje?"

Akafungua mkoba, akatoa karatasi tano zilizobanwa vizuri, zina kichwa, zina vipengele, zina hitimisho.

"Baba," mama alisema taratibu, akinyoosha mkono, "hizo niachie mimi. Wewe mwambie kwa mdomo wako."

Treni ikasimama. Bado mhandisi alikuwa amezikumbatia karatasi zake.