Milembe Aliweka Kalamu Chini

Chama cha waandishi wa filamu wa Simiyu kimenyimwa usajili. Sababu waliyopewa ni moja: hawana mwajiri. Na aliyekihangaikia kuliko wote, Milembe Mayige wa Nkoma, tumemzika Jumamosi.

Wasikilizaji wapendwa, narudia ili na aliyeko jikoni asikie. Chama kimenyimwa usajili. Milembe amefariki.

Milembe alilima pamba na aliandika filamu. Ile ya bwana harusi aliyekimbia na ng'ombe wa mahari, mliyoiangalia kwenye vibanda vya video hapa Bariadi mkacheka mpaka mkamwaga chai, aliiandika yeye. Jina lake halimo. Limo la mwenye kamera, limo la mwenye gari, limo hata la aliyepika wali. La aliyeitunga halimo.

Mumewe, Mwandu, aliniambia: "Tukiwa tunapalilia, anasimama katikati ya mstari anacheka peke yake. Namuuliza, we mama Flora, nani kakuchekesha? Anasema, subiri kwanza, yule mzee wa kwenye hadithi yangu hajajibiwa."

Waandishi wenzake walikuwa wakikutana dukani kwa Gharib, anayeuza vitenge mjini na kuandika filamu. Milembe ndiye aliyewapa wazo. Kwetu Usukumani vijana wanaolima kwa kikundi, basumba, wana kiongozi wao, nsumba ntale. Mwenye shamba akiwadharau, kiongozi anasema jembe chini, na hakuna jembe linaloinuka. Milembe akasema, na sisi kalamu chini. Mpaka tuandikiwe mikataba na majina yetu yatokee, hakuna kuandika hata mstari.

Wakamchagua Gharib awaongoze. Milembe akamtania: "Leo Bariadi imeona mambo. Nsumba ntale anauza vitenge, jembe hajawahi kulishika."

"Majembe nayo nauza, mayu," Gharib akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Bei ya jumla."

Wakati huo Milembe alikuwa na hadithi kubwa kichwani. Mwanamke wa Lagangabilili anampeleka kaka yake mahakamani, kwa sababu ya shamba la baba yao. Hakuiandika. Mgomo ni mgomo.

Basi akaja mzalishaji wa filamu. Jina silitaji, mwenyewe ananisikiliza. Alifika Nkoma Jumapili asubuhi, na sukari na sabuni mkononi. "Mwangaluka, mayu," akasalimia kwa Kisukuma. Akakaribishwa, kuku akachinjwa. Baada ya kula akasema: "Mimi sikuja kwa kazi. Mmegoma, nawaheshimu. Nipigie tu stori, kama mtu na mgeni wake."

Wasikilizaji wapendwa, mgeni amekula kwako, utamnyima mazungumzo? Milembe akasimulia yote, mwanzo mpaka mwisho. Mwandu anasema: "Alisimulia vizuri mno. Mimi nilikuwa nakwenda kuwaangalia ng'ombe, nikakaa." Simu ya mgeni ilikuwa mezani, imelala kifudifudi, inarekodi.

Filamu ilitoka kabla ya msimu wa pamba. Palipoandikwa "Hadithi", jina la mgeni.

Wenzake walimkasirikia. Mmoja alimwita msaliti, pale pale dukani. Milembe akasema: "Sikuandika. Nilimkaribisha mgeni." Gharib anakiri kwamba mgomo wao ulikuwa na tundu. Walikuwa wamepiga marufuku kalamu. Mdomo hawakuufikiria.

Akaenda kudai haki yake kwa afisa wa serikali, ofisi ile ile inayosajili vyama. Mazungumzo yale Gharib aliyasikia, alikuwa amemsindikiza.

"Lete skripti yako," afisa akasema.

"Sina. Tulikuwa tumegoma."

"Mgomo gani, mama? Chama chenu hakijasajiliwa."

"Basi kisajilini."

"Mwajiri wenu ni nani?"

"Huyo huyo aliyechukua hadithi yangu."

"Una mkataba naye?"

"Sina. Ndio tunaoudai."

"Basi si mwajiri wako. Na wewe si mfanyakazi."

Sikilizeni jambo hilo. Ili wapate mkataba wanahitaji chama. Ili wapate chama wanahitaji mwajiri. Na mwajiri ni yule aliyekataa kuwapa mkataba. Mkulima wa pamba ana ushirika wake, na hakuna aliyemwajiri. Dereva wa bodaboda ana chama chake. Mwandishi anayewachekesha wote hao jioni, yeye si mtu? Hiyo siyo sheria iliyosahau mtu. Hiyo ni dharau iliyopigwa muhuri.

Milembe hakuacha. Aliambiwa aje Alhamisi, suala lao litaangaliwa upya. Alhamisi akaja kutoka Nkoma, mvua inanyesha. Mhusika yuko kwenye semina. Njoo wiki ijayo. Akapanda bodaboda kurudi nyumbani. Iliteleza kwenye tope kabla ya kufika daraja la Nkoma. Dereva amevunjika mguu. Milembe hakuamka.

Kwa Mwandu, kwa binti yao Flora, kwa ukoo wa Mayige, poleni sana. Nanyi mnaonisikiliza, leo mkiangalia filamu, msiondoke ikiisha. Someni majina. Mkiona la aliyeitunga halipo, ulizeni. Nanyi mnaotunga sheria, mwandishi ana mikono na anakula ugali kama nyie. Mwandikeni mahali anapohesabika.

Flora ameniambia jambo moja. Baada ya yule mgeni, mama yake alitunga hadithi nyingine. Binti akamwomba amsimulie walau kidogo. Akakataa. "Tukisajiliwa nitakusimulia wewe wa kwanza."

Gharama ya dharau ile ni hii. Filamu moja, na jina la mtu mwingine juu yake. Chama kimoja, hakitambuliki. Shamba la pamba, Mwandu anavuna peke yake. Mama mmoja. Na hadithi moja ambayo hata mwanawe hakuisikia, kwa sababu mgomo ulikuwa haujaisha.