Ngwe ya Hatua Arobaini

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu wa leo, Ndugu Afisa Elimu Kata, walimu wakuu, walimu wa hisabati mliokaa hapa siku tatu mkipeana uzoefu, wazazi wenzangu: nawasalimu nyote. Kamati imenipa dakika tano nitoe shukrani kwa niaba ya wazazi. Shukrani nitatoa, lakini zitakuja mwisho, kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu wakati wa palizi.

Mimi ni kibarua. Kwetu ni Iramba, mkoani Singida, huku kwenu nilifuata kazi, na niliacha shule darasa la nne. Wengi mmeniona: siku hizi tatu ndiye niliyekuwa nabeba maji ya kuwapikia, nikipita chini ya madirisha hayo. Nimewasikia mkisema "mbinu shirikishi" mpaka nami nimeikariri. Watoto wenyewe mliwarudisha nyumbani ili mpate nafasi ya kuwazungumzia. Nauliza: tangu juzi, ni nani kati yenu aliyemwita mtoto mmoja tu akamuuliza hesabu inamkwamia wapi?

Basi mimi nitawaambia ya mtoto mmoja. Binti yangu Asifiwe yuko darasa la sita, na daftari lake la hisabati limejaa alama za vema. Wakati wa palizi nilikuwa kwenye mpunga wa Mzee Ebeneza kule Katumba Songwe. Ngwe yetu, kile kipande anachopimiwa kibarua kukimaliza, ilikuwa hatua ishirini kwa ishirini, kazi ya siku moja, na ujira wake kisado cha mchele. Siku moja mzee akaniambia, "Baba Asifiwe, wewe una nguvu. Chukua arobaini kwa arobaini, nikupe visado viwili." Nikamuuliza binti yangu kama ni haki. Akanijibu hata kabla sijamaliza: "Ni haki, baba. Ishirini mara mbili ni arobaini."

Nikatarajia siku mbili. Siku ya pili jua linashuka, magugu bado yananitazama. Kibarua mwenzangu Enoki akapita na jembe begani, akasimama. "Baba Asifiwe," akasema, "unapalilia ngwe au unapalilia wilaya?" Nilimaliza siku ya nne. Nikachukua kamba, nikapima ngwe ya zamani ndani ya ile mpya. Ikaingia mara nne. Nikarudia, nikidhani uchovu umenivuruga akili. Nne.

Nikaenda kwa Mzee Ebeneza nikiwa na hakika kwamba amenipunja. Akaja mwenyewe shambani, akatembea, akahesabu, akavua kofia. "Mimi nimemaliza la saba," akasema, "nami nilijua ni mara mbili." Akanitimizia visado vinne, na kati yetu likaisha. Moyoni mwangu halikuisha. La nne langu, la sita la binti yangu, la saba la mzee: madarasa kumi na saba, na kilichotufundisha ni mgongo wangu.

Asifiwe alipoziona zile nne alicheka kwa furaha. Kesho yake akanyoosha mkono darasani, akauliza kwa nini pande zikiongezeka mara mbili eneo linakuwa mara nne. Mwalimu wake, ambaye yumo humu na ananisikia, akamjibu: "Hilo halimo kwenye mtihani. Kaa chini, mtoto wa kibarua, usitupotezee muda." Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo hajanyoosha mkono tena. Nikimuuliza hesabu nyumbani, ananiambia, "Baba, niache, nakariri."

Mwalimu Naomi, mgeni hapa shuleni, alipata habari hiyo akawatoa watoto nje na kamba. Siku moja tu. Akaambiwa uwanja ni wa mpira, hesabu ni ya ubaoni. Mwalimu Naomi, wewe nakushukuru kwa jina. Wengine mnisamehe, sijui kupaka watu mafuta. Mnasema watoto wetu wanaogopa hisabati. Nani aliwatisha? Mtoto wa mfinyanzi wa Lyulilo hulitazama bonge la udongo akakwambia litatoa vyungu vingapi. Akiingia darasani kwenu anaitwa mzito.

Kamba ya ngwe ninayo hapa, nimeifunga kiunoni. Wali umeiva, harufu yake nyote mnaisikia, lakini kabla ya wali naomba tutoke uwanjani. Asifiwe amesimama pale mlangoni na ndoo ya maji ya kuwanawisha. Aiweke chini. Mwalimu uliyemwambia akae, njoo ushike ncha moja ya kamba. Yeye atashika nyingine. Muulize swali lake lilikuwa lipi.

Hizo ndizo shukrani za wazazi. Ndaga, kama msemavyo huku kwenu: asanteni. Mmenivumilia mimi mpaka mwisho. Sasa mvumilieni na yeye.