Mwalimu Herman Magembe na Kanda Tano za Bahari

Kaka yetu mpendwa, Mwalimu Herman Magembe, alizaliwa tarehe 9 Julai 1968 wilayani Magu, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Magembe Mwashi na marehemu mama Nyamizi. Mwaka 1979 familia ilihamia Pwani pamoja na ng'ombe wake, ikaweka makazi Mbwawa. Herman alikuwa na miaka kumi na moja na fimbo ndefu kuliko yeye. Mimi Elina, mdogo wake niliyeandika maneno haya, nilikuwa bado mgongoni kwa mama, hivyo ya miaka hiyo nayaeleza kama nilivyosimuliwa.

Alimaliza elimu ya msingi Mbwawa mwaka 1984, kisha akasoma sekondari Kibaha. Mwaka 1986 darasa lao lilipelekwa Dar es Salaam kuona bahari. Wenzake walikimbilia majini. Yeye alisimama mchangani, suruali ameikunja, akamuuliza mwalimu kule chini kuna nini. Mwalimu akajibu, "Samaki." Jibu hilo halikumtosha hadi anaingia kaburini. Alisomea ualimu wa Biolojia na Jiografia, akahitimu stashahada mwaka 1993.

Januari 1994 alipangiwa shule ya sekondari hapa Kisarawe. Alikuwa ameomba Mafia. Kila mwaka aliandika kuomba uhamisho, na kila mwaka alijibiwa kwamba hakuna wa kushika nafasi yake. Kwa kuwa hakupelekwa baharini, akaamua kuutumia mlima huu. Getini mwa shule ndipo palipokuwa usawa wa maji, na kila hatua moja ya kushuka kuelekea Pugu ilikuwa mita moja ya kina. Hadi hatua ya mia mbili ni ukanda wa mwanga, wenye mwani, dagaa, jodari na kasa. Hadi ya elfu moja ni mwanga hafifu, kwao ngisi na samaki wa macho makubwa wanaopanda juu usiku kutafuta chakula. Hadi elfu nne ni ukanda wa giza, ambako samaki hubeba taa yake mwenyewe kichwani. Hadi elfu sita ni vilindi, ambako jongoo bahari hula vumbi linalodondoka kutoka juu. Ukanda wa tano, mahandaki, unafika hatua ya elfu kumi na moja. Huko darasa halikuwahi kufika, maana wazazi walilalamika kuhusu viatu.

Katika kila ukanda alimwacha mwanafunzi mmoja awe mkazi wake, na wakati wa kurudi aliwakusanya. Mwaka 2006 mvua iliwakuta vilindini, wakarudi kwa njia ya mkato, akamsahau Saida wa kidato cha pili kwenye mikorosho, hatua ya elfu nne na mia tano. Alimkuta jioni, amekaa palepale, amelowa chapachapa.

"Mbona hukurudi, binti?"

"Ulisema huku hakuna anayehangaika kufuata chakula, mwalimu. Kinasubiriwa kidondoke."

Alimnunulia mihogo ya kukaanga, akapokea onyo la mkuu wa shule, na Jumamosi iliyofuata akashusha darasa lingine.

Kuhusu ndoa, kulikuwa na njia moja ya kutoka Kisarawe: kupata mwalimu wa kubadilishana naye kituo. Mwaka 1997 alimpata. Mwalimu Maria alikuwa amechoka kuzungukwa na maji kule Mafia, akaja kukagua kituo kabla ya kujaza fomu. Herman alimwonyesha nyumba ya walimu, kisima na soko. Akamwonyesha na mteremko. Fomu za kubadilishana hazikujazwa. Tarehe 12 Desemba 1998 walifunga ndoa, Maria akahamishiwa Kisarawe kumfuata mume, na kaka akawa amejifungia mlango kwa mkono wake. Alipojaribu kuligusia tena suala la Mafia, wifi alimjibu, "Baba Raphael, mimi huko nimetoka. Sirudi hata kwa barua ya waziri." Walipendana sana, hilo kila mmoja hapa analijua. Lakini kubaki kulimuuma, na nikiandika vinginevyo nitakuwa nadanganya mbele ya jeneza lake.

Tarehe 17 Januari 2023 alipatwa na kiharusi akiwa darasani. Baada ya wiki sita hospitalini tulimpeleka nyumbani kwake alikojenga, Sofu, kule Kibaha. Hakuweza kutembea, kuongea wala kugeuza shingo. Macho yalikuwa wazi, nasi tukaamua kwamba nyuma ya macho hayo hakuna mtu. Chumba chake ndicho kilichokuwa kikubwa, kwa hiyo wageni walikaa humo, wakatupa pole sisi wauguzaji, wakanywa chai, wakaaga. Vikao vya familia tulifanyia humo. Hata kaburi hili tulilijadili mbele yake, kama liwe Mbwawa kwa wazee au Kisarawe, huku anatutazama. Na mimi, mdogo wake niliyebebwa naye mabegani, niliwaambia wageni, "Jamani, Herman mwenyewe hayupo, umebaki mwili." Niliyasema hayo nikiwa nimekaa kitandani kwake.

Ilikuwa hivyo hadi ikatimia miezi kumi na minne tangu apatwe na kiharusi. Machi 2024 Saida, ambaye sasa ni muuguzi, alisikia habari akaja Sofu. Sisi tulimpa kiti, akakisogeza hadi kitandani.

"Shikamoo, mwalimu."

Aliposubiri bila kupata marahaba, akaanza kumsomea somo la kanda za bahari. Alipofika kwa samaki mwenye taa, akakosea, akamweka kwenye mwanga hafifu. Kaka akatoa sauti kooni. Mkono wake wa kushoto ukatetemeka juu ya shuka, kikanyanyuka kidole kimoja, cha pili, na cha tatu.

"Ukanda wa tatu," Saida akasema, akanigeukia. "Amenisahihisha. Mama, mwalimu yumo humu."

Nilitoka nje nikalia, na sikulia kwa furaha. Nilikuwa nahesabu kila neno tulilolisema mle ndani.

Tangu siku hiyo tulimuuliza kila asubuhi, "Leo uko ukanda gani?" Siku nyingi alinyanyua vinne. Siku nilipopiga magoti kumwomba msamaha, alinyanyua viwili, mwanga hafifu, nami nimekubali hivyo viwili. Tulimuuliza pia juu ya kaburi: kimoja Mbwawa, viwili Kisarawe. Ndiyo maana tuko hapa leo, na ndugu zangu wa Mbwawa msininunie, amechagua mwenyewe.

Mwishoni mwa Mei mwaka huu alipata nimonia. Kwa siku nne alijibu vitano. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, saa moja na robo, Saida alimuuliza, akanyanyua kidole kimoja, na baada ya dakika chache akakata roho. Saida anasema alikuwa amepanda juu. Mimi nasema labda vile vingine vilikosa nguvu. Wifi alitaka niandike alivyosema Saida. Nimeyaandika yote mawili, kwa sababu kwa miezi kumi na minne nilimsemea nisiyoyajua, na sitaki kumsemea tena.

Ameacha mjane, Mwalimu Maria. Watoto wawili, Raphael na Nyamizi. Ndugu watatu, nami nikiwa wa mwisho. Saida, ambaye tumemhesabu binti wa nyumba hii. Na wanafunzi wa miaka yake ishirini na tisa ya kufundisha.

Jana jioni Saida na mimi tulitembea kutoka getini mwa shule hadi kwenye kaburi hili, tukihesabu. Ni hatua mia moja na themanini. Mwanga bado unafika.

Bwana ampokee kaka yetu, ampumzishe.