Mama Mablanketi Atafuta Pa Kulala

Wasikilizaji wapendwa, anayepika apunguze moto, anayefua asuuze mikono. Tuna mtu wa kumkumbuka. Ni Mama Mablanketi, mwenye nyumba ya wageni yenye milango ya kijani, chini ya ule mlima ambao watu huvuka bahari kuja kuupanda. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa amekula chumvi nyingi. Kwa hiyo leo hatutalia sana. Tukilia, tutalia huku tunacheka.

Jina hilo alipewa na wageni. Kila aliyefika aliongezewa blanketi, hata aliyeapa kwamba hasikii baridi. Na hakuna kitanda alichompa mgeni kabla hajakilalia mwenyewe. Anavua viatu, anajinyoosha, anafumba macho. "Kitanda hakina mdomo," alikuwa akisema. "Ukitaka habari zake, kilalie." Mgeni amesimama mlangoni na begi mgongoni, mwenye nyumba kajilaza. Wapo walioogopa wakadhani ameanguka.

Maisha yake yote, Mama Mablanketi alilaza wapanda mlima. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda. Mumewe, mzee aliyestaafu kazi ya kuongoza wageni, anakumbuka hivi: "Kila anayeshuka anamkamata. Juu kukoje? Juu kukoje? Nikamwambia, mke wangu, utaumaliza huo mlima kwa maswali."

Siku moja, wajukuu wameshazaliwa, akasema: na mimi naenda.

Mara ya kwanza alishindwa. Narudia kwa mliojiunga sasa hivi: mara ya kwanza Mama Mablanketi alishindwa. Kosa lilikuwa moja tu. Alilala nyumbani kwake. Wageni wakagonga mlango, akainuka. Mmoja akataka maji ya moto, akainuka. Bomba likavuja, akainuka. Asubuhi akaanza safari macho mekundu kama pilipili, na kabla ya kibanda cha pili cha kupumzikia wapandaji miguu ikagoma. Mwanawe wa kwanza, mwongoza wageni kama baba yake, akamshika mkono akamgeuza.

"Mama," akamwambia, "hayo magoti yamebakiza safari moja. Nitakupeleka mara moja tu tena. Ila ukilala humu ndani, sikupeleki."

Maneno yale yalimkata maini. Alijua mwanawe hatanii. Kinyozi hajinyoi, wasikilizaji, na akijinyoa hujikata. Basi mwenye nyumba ya wageni akachukua mkoba wake, akatoka kutafuta nyumba ya wageni.

Mtaa mzima ulipata burudani. Akiingia tu, haulizi bei, haulizi nini. Viatu chini, mwili kitandani. Nyumba ya kwanza, jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta. Ya pili ilijaa waliotoka kushuka, na aliyeshuka mlima hana adabu, anataka kuimba mpaka kuche. Ya tatu, godoro lilimmeza. Alivutwa na watu wawili.

Ikabaki nyumba moja tu. Nyumba ya wifi yake.

Hapo lazima niwaeleze. Wifi huyu ni dada wa mumewe, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango. Hawakuwa wakisemeshana kwa miaka. Wifi aliwahi kwenda stendi, akapokea kundi la wageni waliokuwa wanakwenda kwenye milango ya kijani, akawaambia, "Ni hapa hapa, karibuni." Tangu siku hiyo, salamu zilipitia kwa yule mzee, mume wa huku na kaka wa kule. Maskini, aligeuzwa posta.

Mama Mablanketi akavuka barabara. Fundi seremala wa jirani akaweka randa chini ili asikose neno.

"Hodi."

"Karibu. Umepotea njia?"

"Natafuta chumba."

"Na vya kwako vimejaa nini?"

"Vimejaa mimi," akajibu. "Kwangu silali, wifi. Na nisipolala, mlima ndiyo basi tena."

Wifi akamtazama. Akatoa ufunguo mfukoni. "Kuna cha nyuma. Usinikunjie shuka."

Mama Mablanketi akavua viatu, akajinyoosha, akafumba macho kukipima kitanda kile. Hakuyafumbua. Usingizi ulimkamata hapo hapo, jua likiwaka! Wifi anasimulia: "Nilisubiri anitolee kasoro. Nikasikia anakoroma. Nikafunga pazia. Nikamfukuza fundi na randa yake. Nikawaambia wageni, leo hapa mtatembea kwa vidole."

Aliamshwa kesho yake, chai tayari mezani, jikoni amepigwa marufuku. Na alifika kileleni, wasikilizaji wapendwa. Nasema tena, Mama Mablanketi alifika kileleni. Mwanawe anasema mama alicheka kule juu mpaka akakosa pumzi, ikabidi wamkalishe. Aliporudi, mumewe akamrudishia swali lake: haya, juu kukoje?

"Baridi," akasema, "na hakuna pa kulala."

Wale wawili hawakuwahi kuombana msamaha. Hawakuona haja. Walianza kugawana wageni, na kutaniana kwa sauti ya kuvuka barabara.

Mwaka huu alipougua, watoto walimzunguka. Mmoja ana nyumba kubwa mjini, mwingine anakaa karibu na hospitali. Kila mmoja alitaka amchukue. Wakamuuliza, mama, unataka kukaa wapi? Akasema, "Nipelekeni kwa wifi."

Alikaa kule, mumewe akivuka barabara kila asubuhi kwenda kumpa habari za wageni. Na asubuhi aliyotutoka, wifi ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Anasema alimuuliza kama anahitaji chochote. Akajibu hapana, amelala vizuri.

Pole zetu zimfikie mzee, watoto, wajukuu, na majirani wote wa mtaa ule. Na kwako wifi, pole ya peke yake. Mungu awatie nguvu.

Nawe unayenisikiliza, tafakari kidogo. Kila mtu ana safari yake ngumu inayomsubiri. Mtu unayeweza kufumba macho mbele yake bila wasiwasi ni nani? Kama hamsemeshani, barabara ni hiyo hapo. Vuka.