Jina la Telesphori kwenye Orodha ya Wazururaji

Mwaka ule wa themanini na tatu, wasio na kazi walikuwa wakikusanywa na kupelekwa mashambani. Telesphori, aliyepakia magunia stesheni ya Isaka miaka kumi na moja hadi miguu ikamgomea, alifika kijiweni mbele ya ghala la mizigo na fimbo mkononi, kitambaa kilicholoweshwa maji shingoni, na hasira. Akakaa mbali na jiko la kahawa, maana joto lilimzidishia maumivu.

— Balozi wa nyumba kumi kaniandika mzururaji! Mimi, niliyepakia magunia hapa hapa!

— Pole, — akasema Kamili, waliyemwita Jaji kwa kupenda kukata kesi. — Lakini watu wanakuona mzima. Asubuhi unatembea, mchana umelala.

— Ndivyo daktari alivyonifundisha! Nipumzike kabla sijachoka, nikwepe jua. Mishipa ya fahamu imechubuka ganda, kama waya. Hauponi ugonjwa huu, yanatulizwa maumivu tu, na vidonge zahanati hakuna tangu Pasaka. Nikiinamisha kichwa, shoti inanipiga hadi vidoleni.

Bujiku, aliyeitwa Injini kwa ngurumo ya sauti yake, akatua kikombe.

— Shoti! Si nilisema? Ni treni.

— Treni ya dizeli ina shoti gani? — akauliza Telesphori.

— Basi moshi wake. Penye moshi pana moto, na moto ndio huo miguuni.

— Wapi! — Jaji akakata. — Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Ni hilo shati lako la tetroni. Livue!

Telesphori alihisi machozi yakimlengalenga. Miaka mitano anaunguzwa na moto usioonekana. Angekatika mguu, wangemwamini.

— Nikivua shati, balozi atafuta jina?

— Atafuta ukishika jembe, — akanguruma Injini. — Mchagua jembe si mkulima.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri treni, kapu la dagaa miguuni, akageuka, akawasalimu kwa Kisukuma.

— Mwangaluka, baba zangu. Huyu mgonjwa nimesikia alikuwa mpakiaji. Nyinyi wazima mnafanya kazi gani?

Jaji akachungulia kikombe chake. Injini akakohoa. Muuza kahawa akainama kupuliza mkaa uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

— Nauliza maana nimefika alfajiri, nikawakuta hapa hapa.

Telesphori akajikongoja, akasimama.

— Nakwenda kwa balozi. Njooni mkamwambie mliniona nikibeba magunia, na mliniona nikianguka nayo. Asiyekuja, jina lake nitalitaja mimi, liandikwe penye langu.

Wa kwanza kunyanyuka akawa Injini. Jaji akamfuata mbio, kahawa kaiacha nusu.