Mwanafalsafa wa Joho Lenye Viraka

Kwenye foleni ya kisima cha Korintho, Filina alitua mtungi akijifanya hasikii. Mbele yake Melita alikuwa akifoka. "Kila siku mume wangu yuko kwa yule mwanamke mwanafalsafa, anayevaa joho la kiume lenye viraka!"

"Shoga, unaonea wivu viraka?" Glukera, aliyesimama kando yake, akacheka.

"Naapa kwa Hera, angekuwa mrembo ningejua la kufanya. Huyu anamuuliza nafsi ni nini, naye anawaza jibu mpaka chakula kinapoa. Mimi, miaka kumi, ananiuliza kama mkate umeiva."

Filina, ambaye mume wake haulizi hata mkate, alikaza macho kwenye maji.

Mtungi wa Melita ukajaa. Hakuubeba. "Nishikie," akamwambia Glukera. "Nyumba ya huyo mwanafalsafa ipi?"

"Unaenda kumtukana?"

"Naenda na mimi niulizwe."