Nonvignon Ahokpo na Ndege wa Shaba

Kwa miaka thelathini na sita na miezi minne, Nonvignon Ahokpo ameitumikia karakana yetu ya kukarabati vyombo vya kifalme hapa Abomey. Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, anavua aproni. Tumeamua kushangilia!

Katika ukoo wake, wahunzi wa wafalme, alifinyanga nta kabla hajajua kusoma. Alipoajiriwa alipewa ufagio. Mwezi wa pili akamwonyesha mkuu wa karakana kwamba simba wa fedha kabatini alikuwa ameungwa mguu wa nyuma mbele. Ufagio akapewa mtu mwingine.

Lakini nitamkumbuka kwa wiki ile asen, fimbo ya kumkumbukia marehemu, ya binti mmoja wa kifalme ilipoanguka ikibebwa. Fimbo ya chuma ilipona. Ndege wa shaba aliyesimama juu yake akavunjika vipande saba. Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumamosi ukoo mzima ungekuja kumnywesha marehemu, yaani kummiminia kinywaji mbele ya asen hiyo.

Bibi Houefa, msimamizi wa ibada, alileta kigoda akaketi mlangoni.

"Ahokpo, mwanangu, bibi yetu atapokelea wapi kinywaji chake?"

"Papa hapa, mama. Nipe siku mbili."

Alhamisi akafinyanga ndege mpya wa nta, akamfunika kwa udongo, akayeyusha nta itoke na kusubu shaba mahali pake. Shaba haikufika bawani.

"Huyo ni kuku wa mchuzi," Bibi Houefa akasema. Tulicheka, Ahokpo hakucheka. Ijumaa asubuhi kalibu ya pili ya udongo ikapasuka motoni. Akaketi chini, akafunika uso kwa mikono. Nilidhani tumekwisha.

Kisha akaokota bawa la zamani, akaligeuza juani. Kwenye ncha palikuwa na kovu dogo.

"Walitoboa hapa!" akapiga kelele. "Wazee walitoboa hapa, hewa itoke! Jamani, leteni nta!"

Jioni alipopasua udongo wa kalibu ya tatu, ndege alitoka mzima, mabawa yote mawili, na karakana nzima ikacheza. Kesho yake Bibi Houefa alimnywesha marehemu, kisha akapiga goti mbele ya ukoo wote na kumpa mhunzi kikombe cha pili.

Asante, Ahokpo, kwa mikono yako na ukali wa jicho lako. Jumatatu anawasha tanuri uani kwake. Kazi ya kwanza ni asen ya marehemu baba yake, mzee aliyewasubia watu wengine asen maisha yake yote, na ambaye mpaka leo hana ya kwake. Afya njema, kaka, na moto wako uwake vizuri.